Chai Aliyoimeza Baba

Baba yangu alilipwa mshahara kwa miaka ishirini na miwili kwa kunywa chai na kuitema. Najua unavyosikia. Hata hapa Bariadi, nilipolisema jambo hili mara ya kwanza, watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mmoja akauliza kama ipo pia kazi ya kutafuna nyama na kuirudisha sahanini. Nilimjibu kwamba kwa kichwa chake hata hiyo asingeipata. Mimi ni Mektilda, binti wa Masalu, na kwa habari za baba yangu sina subira.

Aliondoka kijijini kwetu Ngulyati mwaka 1971, bado kijana, akaenda Dar es Salaam na kuajiriwa katika kiwanda cha kuchanganya chai. Kazi aliyopewa ilikuwa kuosha vikombe kwenye chumba cha kuonjea. Alitusimulia kuhusu chumba hicho hadi nikakijua bila kukiona: meza ndefu, madirisha makubwa upande mmoja, na kila asubuhi vikombe vyeupe zaidi ya mia, kila kimoja na chai ya shamba lake. Mwonjaji mkuu alipita na kijiko, akivuta chai kwa kelele, akiizungusha mdomoni na kuitema kwenye ndoo. Siku moja Baba, akikusanya vikombe vya kuosha, alionja mabaki ya kikombe cha saba akasema chai hii imepitiwa na moshi. Mwonjaji mkuu alikuwa amekwisha kuipitisha. Alirudi, akaonja tena, akakitenga kikombe kile. Kesho yake Baba alisimama pembeni mwa meza na kijiko chake mwenyewe, na hakuondoka hapo mpaka siku alipopunguzwa kazini.

Ila hakuna aliyekumbuka kubadilisha karatasi zake. Mageuzi ya uchumi yalipokuja, kiwanda kikatafutiwa mnunuzi na watu wakapunguzwa, Baba alirudi nyumbani mwaka 1993 akiwa na sanduku moja, kijiko chake, na barua ya Kiingereza. Alimwomba Athanasi, katekista wetu, amsomee. Athanasi ni mtu mnyoofu na hana umbea, lakini aliisoma barua ile kwenye kibaraza cha mgahawa wangu, kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai. Barua ilimshukuru Januarius Masalu kwa utumishi wake wa miaka ishirini na miwili katika kazi ya kuosha vikombe.

Basi ikawa hiyo. Mwonjaji gani, mwosha vikombe. Kila alipopita sokoni, kuna aliyemtania amsaidie vyombo. Baba hakubishana na mtu. Mama alikuwa ametutoka miaka miwili kabla, nyumba ya Ngulyati ilikuwa kimya, kwa hiyo alikaa na mimi hapa mjini, mtaa wa Somanda, katika chumba cha nyuma ya mgahawa wangu.

Mgahawa wenyewe niliufungua kwa sababu ya mageuzi hayohayo yaliyomrudisha Baba. Zamani sukari ilikuwa ya foleni, na majani ya chai yalikuwa ya aina moja, yaani yale yaliyopatikana. Sasa kila mtu aliruhusiwa kuuza alichonacho. Nilikuwa na meza nne karibu na hospitali, jiko la mkaa, birika mbili, maandazi na chapati. Majani nilinunua kwa Kasmiri, mwenye duka mbele ya stendi. Kasmiri aliyafuata Mwanza na kuyapanga dukani katika magunia matatu yaliyo wazi mdomo, akiyapima kwa kikombe cha bati: Namba Moja, Namba Mbili, na gunia la tatu aliloliita Spesheli, ambalo bei yake ilikuwa ya kukufanya ufikiri mara mbili.

Wiki ya kwanza tu Baba alinituma nilete kidogo kutoka kila gunia. Akamwaga majani juu ya karatasi nyeupe, akaniita.

"Usionje kwanza. Tazama."

Nikatazama. Niliona majani ya chai.

"Tazama tena."

Hivyo ndivyo alivyonifundisha, kila jioni baada ya kufunga. Alinifundisha kuminya majani makavu na kusikia yanavyovunjika. Alinifundisha kunusa majani yaliyolowa, yangali moto, maana hapo ndipo chai hutoa siri zake zote. Alitengeneza mizani ya vifuniko viwili vya kopo, akaweka sarafu upande mmoja na majani upande wa pili, ili kila kikombe kipate sawa na mwenzake. Alinionyesha jinsi ya kuvuta chai kwa kelele, pamoja na hewa, mpaka ifike nyuma ya ulimi na kupanda puani. Mwanzoni nilipaliwa, nikalowa kifua chote. Baadaye nikaanza kuona. Kuna chai inayokuja na nguvu mbele kisha inakimbia. Kuna inayoingia kwa upole, halafu baada ya kumeza ndiyo inaanza kusema. Kuna nzito inayotaka maziwa, na kuna nyingine ukiitia maziwa umeiua. Nilikuwa nimepika chai maisha yangu yote na kumbe sikuwahi kuinywa.

Nikaanza kuchanganya yangu. Niligundua Namba Moja ilikuwa na ladha nzuri lakini ilinuka sabuni kwa mbali, kwa hiyo niliitandaza kwenye sinia kivulini siku mbili mpaka harufu ikatoka. Nikaongeza kidogo cha Namba Mbili kwa ajili ya rangi. Niliiweka kwenye kopo la buluu juu ya rafu. Wateja waliipenda sana, mgahawa ukajaa. Nesi Lucy wa hospitalini alikuwa akisema mgonjwa akishindwa chai ya Mama Josia, huyo aletewe padre. Mama Josia ni mimi.

Na kila asubuhi, kabla hajatia kitu kingine mdomoni, nilimpa Baba kikombe cha kwanza cha chai yangu. Aliivuta, akaizungusha, akaitema kwenye vumbi.

"Bado," alisema.

"Bado nini?"

"Nikikwambia, utakuwa umeazima ulimi wangu. Utafute wako."

Mwaka mzima. Bado. Wateja walimeza vikombe viwili viwili, na mtu niliyetaka aimeze kuliko wote alikuwa akiitema ardhini kila siku. Iliniuma, siwezi kusema uongo.

Sasa, ili uelewe mkosi ulioingia, lazima ujue kwamba Baba alihitaji mwanga. Chai huonjwa kwa macho pia, na mwanga mzuri kwake ulikuwa ule wa jua linapochomoza. Alisimama nyuma ya mgahawa, ameelekea mashariki, ameinua kikombe usawa wa macho. Akivuta, akitema mbele yake. Na wakati chai iko mdomoni hazungumzi na mtu, hata akija nani.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, mwaka 1994, aliyekuja alikuwa baba mkubwa Ngeleja, kaka yake, mfuga ng'ombe wa Ngulyati. Alikuwa ameniletea maziwa kwa baiskeli. Kwa wazee wa ukoo wetu, mtu anayeelekea jua linalochomoza, akajaza kinywa na kulipulizia, huyo anazungumza na masamva, wahenga wetu waliotangulia. Na wakati wa tambiko hasalimiwi. Ngeleja aliegemeza baiskeli taratibu, akavua kofia, akasimama kimya mpaka mdogo wake alipomaliza vikombe vinne. Kisha akaweka maziwa mlangoni na kuondoka bila kusema neno, machozi yakimlenga kwa furaha. Miaka ishirini na miwili mjini, mdogo wake hakuwasahau wa kwao.

Njia nzima alitangaza habari hiyo njema. Alitangaza kwa fahari, mzee wa watu, wala sikuweza kumchukia.

Siku ya tatu nilifungua mgahawa nikamkuta Maganga, jirani yake Ngeleja, akifunga ng'ombe kwenye nguzo ya kibaraza changu.

"Mwangaluka, ng'wana Masalu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita binti wa Masalu.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola. Nimemleta. Mzee amwone."

"Amwone nani?"

"Huyu ng'ombe. Mwaka wa tatu hashiki mimba. Mzee amtemee kidogo tu."

Nilikuwa bado natafuta jibu la mtu mzima wakati Baba alipotoka kuangalia ni nani. Alikuwa katikati ya kuonja. Kinywa kilikuwa kimejaa. Akakutana uso kwa uso na ng'ombe, mahali pasipotegemewa ng'ombe, akashtuka, na chai yote ikamtoka ikaangukia kwato za mnyama.

"Wabeja sana, mzee," alishukuru Maganga, akafungua kamba na kwenda zake.

Nilipoinua macho, katekista Athanasi na Nesi Lucy walikuwa wamesimama barabarani. Walikuja kunywa chai. Hawakuingia. Na yule ng'ombe, Mungu anisamehe, alishika mimba baadaye, jambo ambalo halikutusaidia hata kidogo.

Ndani ya wiki moja meza zangu nne zilibaki tupu. Watu wa kanisa hawakutaka chai inayotambikiwa. Waliosema Baba anaweka dawa kwenye birika ili kuvuta wateja walisema pia kwamba ndiyo maana chai yangu ilikuwa tamu, kwani siku zote walikuwa wakijiuliza siri yake ni nini. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Mkono wangu, sinia langu la kivulini, jioni zangu zote, wakavipa jina la dawa. Waliokuja sasa walikuwa wafugaji kutoka Ngulyati, wenye shida zao na ng'ombe wao, na hawakuagiza hata andazi. Akina mama wa parokia walikuwa wameniahidi nipike chai ya sikukuu ya somo wa parokia, yaani mtakatifu wake msimamizi. Mwenyekiti wao alikuja, akazunguka maneno kwa nusu saa, akaniambia chai itapikwa kwingine.

Siku ile alipoondoka nilimfuata Baba nyuma.

"Baba, meza. Nakuomba. Mbele za watu, meza kama watu wengine. Utanifungia mgahawa."

Alikuwa akifuta kijiko chake kwa kitambaa.

"Chai isiyostahili kumezwa siimezi."

"Hata yangu?"

Alinitazama, na niliona kwamba alitamani sana kusema jingine.

"Bado, mwanangu, ng'wana wane."

Sikuwahi kumpandishia Baba sauti. Siku ile nilipandisha. Nikamwambia labda barua ilisema kweli, labda alikuwa mwosha vikombe tu aliyezoea kuvilamba. Neno likitoka halirudi. Baba alikunja kitambaa, akakiweka mfukoni pamoja na kijiko.

"Waite," alisema hatimaye. "Jumapili baada ya misa. Katekista, Kasmiri, kaka yangu, wote. Kila mtu aje na chai anayotaka, kwenye karatasi, asiniambie imetoka wapi. Nikikosea, nitarudi Ngulyati na kijiko nitakitupa chooni."

Niliwaita. Tena niliwaita kwa maringo, nikijifanya sina wasiwasi, na usiku sikupata usingizi. Asiyekujua hakuthamini, wanasema, lakini mimi nilimjua na bado nilikuwa nimemtukana. Nilitaka ashinde kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Jumapili niliamka nikateka maji kwenye pampu ya kisima, nikaweka birika zote mbili tayari. Sijui ni hofu au nini, lakini nilisimama nikakumbuka alichokuwa akikirudia jioni zile: onja kila kitu peke yake kwanza. Majani nilikuwa nimeyaonja. Maziwa nilikuwa nimeyaonja. Nikachota maji matupu na kijiko, nikayavuta kwa kelele kama alivyonifundisha.

Chumvi. Si nyingi, lakini ipo, nyuma ya ulimi, nzito na kavu. Nilikuwa nikinywa maji yale tangu nihamie Somanda, sote tulikuwa tukiyanywa, na ulimi ulikuwa umeyazoea hata hausemi kitu. Nikakumbuka maji ya utotoni, yale Mama aliyokuwa akituchimbia kwenye mchanga wa mto wakati wa kiangazi. Nikamwaga birika zote mbili chini. Nikachukua ndoo, kata na kitenge cha kujifungia, nikatoka.

Mto ulikuwa mchanga mtupu, wa kiangazi. Nilichimba kwa mikono mpaka kwenye kiwiko, nikaacha maji yajikusanye, nikayamwaga yale ya kwanza yenye matope, nikasubiri mengine yatulie. Kazi ya namna hiyo haikubali haraka. Niliporudi misa ilikuwa imekwisha muda mrefu, kibaraza kimejaa, na watu wameanza kunong'ona kwamba Mama Josia amemkimbia baba yake. Athanasi alikuwa amesimama ndani ya jiko langu, kofia mkononi.

"Nimekagua kama kuna dawa," alisema bila kuona haya. "Lazima niseme nimekagua. Sikuona kitu."

"Ungekagua na uvunguni mwa kitanda," nilimwambia, na nikainjika maji.

Baba aliiona ndoo, akaiona na mikono yangu yenye mchanga. Aliinuka, akavaa koti lake, lile moja la mjini, akafunga vifungo vyote.

Kulikuwa na karatasi tano. Nilipima kila moja kwa mizani ya sarafu, nikamwagia maji yaliyochemka, na kwa kuwa tulihitaji dakika sita kamili, tulimpa Athanasi kazi ya kutazama saa yake. Alipewa kazi, akawa mtu mwingine. Alihesabu kwa sauti dakika ya mwisho. Nikachuja, nikapanga vikombe kwenye meza iliyoelekea jua, majani yaliyolowa yakiwa kwenye kisosi mbele ya kila kikombe. Pembeni niliweka ndoo ya kutemea, na Baba aliizungusha ili watu wote waione ilivyo tupu.

"Hii ndiyo kazi yangu," aliwaambia. "Simtemei mtu wala mnyama. Natema kwa sababu mtu hawezi kumeza vikombe mia na akabaki na akili."

Baba mkubwa Ngeleja aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akimaanisha kwamba yeye anaelewa kinachoendelea kweli.

Kikombe cha kwanza. Baba alivuta. Sauti ile ilisikika mpaka barabarani, watoto wakacheka, mama mmoja akawafinya. Alizungusha, akatema, akanusa kisosi.

"Tukuyu," alisema. "Imechumwa wakati wa baridi, mvua zimekwisha, jani linakua polepole. Mwaka huu huu. Aliyeipata ana ndugu huko, maana chai hii haifiki kwenye maduka yetu."

Nesi Lucy alishika shavu. "Dada yangu," alisema. "Ameolewa Tukuyu. Alinitumia mwezi uliopita."

Kikombe cha pili kilimchukua muda mfupi zaidi.

"Usambara. Chai nzuri, ningefurahi nayo. Ila imelala jirani na sabuni ya kufulia."

Kibaraza kizima kiligeuka kumtazama Kasmiri, kwa sababu hakuna mtu Bariadi asiyejua kwamba gunia lake la Namba Moja limepakana na katoni za sabuni. Watu walicheka, na safari hii hawakumcheka Baba. Nilijiona narefuka.

Cha tatu akaonja, akatema. Cha nne akaonja, akatema, akarudi cha tatu, akarudi tena cha nne. Alirudia mara tatu.

"Hivi viwili ni chai moja," alisema.

"Hapana, mzee," Kasmiri alidakia, amesimama kabisa. "Hapo umekosea. Hii ni Namba Mbili. Na hii ni Spesheli yenyewe."

"Ni chai moja, kijana. Shamba moja, kiwanda kimoja, hata wiki moja. Leta visosi."

Akawaita, mmoja mmoja, wanuse. Lucy alinusa. Athanasi alinusa, akafumba macho, akanusa tena. Kasmiri mwenyewe aliinama juu ya visosi viwili kwa muda mrefu, akavuta kijiko kimoja na cha pili, akakaa chini.

"Mzigo huu mpya, Mwanza waliniambia ni tofauti," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nimelipia tofauti."

"Basi aliyekuuzia ndiye aliyekuonja wewe," Baba alimwambia, kwa upole kabisa. "Siku nyingine, kabla hujalipa, niletee kidogo kwenye karatasi."

Kilibaki kikombe cha tano. Nilijua karatasi ile ilitoka kwa Athanasi, lakini sikujua chai yenyewe ilitoka wapi. Nilidhani ni ya parokia. Niliona tu kwamba rangi yake ilikuwa imekaa vizuri, nyekundu inayong'aa, na nikajisemea moyoni kwamba mapadre wanakunywa chai nzuri.

Baba aliinua kikombe kwenye mwanga. Akakitazama. Akavuta, kwa kelele ileile. Akazungusha mdomoni, huku na huku, na watu wote tukasubiri atazame ndoo.

Hakuitazama. Koo lake lilipanda, likashuka. Baba yangu alikuwa amemeza.

Nadhani mimi peke yangu nilielewa mara moja, kwa sababu mimi ndiye niliyetemewa mwaka mzima. Wengine walisubiri aseme. Alinywa tena, safari hii bila kijiko, mdomo kwenye kikombe, kama mtu aliyetoka shamba. Kisha akaweka mkono mezani.

"Hii haikutoka shamba moja," alisema. "Hii imechanganywa na mtu. Namba Moja, sehemu mbili, lakini imeanikwa kivulini mpaka sabuni imetoka. Namba Mbili, sehemu moja, kwa ajili ya rangi. Na leo maji hayana chumvi. Na aliyeichanganya," hapo alikohoa kidogo, "aliyeichanganya ana ulimi. Huo haujaazimwa kwa mtu."

Athanasi alisimama. Alikuwa mwekundu wa macho.

"Nimeichota kwenye kopo la buluu," alisema, "pale jikoni kwa Mama Josia, wakati ameenda mtoni. Nilitaka kukutega, mzee. Nilidhani ukipewa chai ya nyumbani kwako hutaitambua." Akageukia watu. "Mimi ndiye niliyewasomea ile barua. Nataka mjue kwamba barua ilikosea."

Mwenyekiti wa akina mama wa parokia alikuwa ameshaanza kuuliza, kwa mzunguko wake uleule, kama sikukuu ya somo nina nafasi. Lucy alikuwa akiomba kikombe, na Kasmiri akiomba kijiko. Baba mkubwa Ngeleja alimshika mdogo wake begani.

"Masalu," alimuuliza polepole, "hii uliyoimeza, ni ya nani huko kwa masamva?"

"Ya huyu hapa, kaka," Baba alisema, akanionyesha.

Nilisimama na mchanga wangu kwenye viwiko, birika mkononi, na nikaona fahari hadi kifua kikauma. Nilimwonea fahari yeye, na kwa mara ya kwanza nilijionea fahari mimi bila kumsubiri mtu anisemee. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile neno la kulamba vikombe, nikafungua mdomo.

Baba aliniwahi. Alimaliza tone la mwisho, akaninyooshea kikombe.

"Ongeza," alisema.